Feza ya mkubwa ina macho

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kazi za watu: fundi wa pikipiki, mkunga, mwalimu, mama anayeuza samaki wa Kasenyi. Mwezi huu tuangalie kazi moja ambayo wengi hawajui hata kama ni kazi. Ni kazi ya profesa anayechunguza namna biashara mpya inavyozaliwa: nani alifikiria kitu kile, nani aliweka feza, nani alikataa, na mwisho nani alikula faida. Mtu anaweza kufanya hayo miaka 30, akaandika mabuku, akafundisha, akazeeka nayo. Kijana wa Mongbwalu atauliza: "Huyo sasa anatoa gramu ngapi kwa juma?" Hatoi hata moja. Lakini aliyoyaandika yanaweza kukusaidia wewe siku ile PDG wa shimo anapokuletea pampu ya maji na mfuko wa mchele na kukuambia, "Tumika kwanza, mambo ingine tutaongea."

Tuanze na mtu wa upande wetu. Calestous Juma alizaliwa mwaka 1953 huko Port Victoria, Kenya, kando ya ziwa Victoria, karibu na mpaka wa Uganda. Baba yake alikuwa seremala. Ni inchi ya Budalangi, ambako mto Nzoia unafurika na kuharibu mashamba. Baada ya mafuriko, baba huyo alileta muhogo upandwe, na wako waliomkatalia, wakauogopa. Sisi watu wa Ituri tunaokula ugali wa muhogo tangu utoto tunaweza kucheka. Lakini mtoto yule hakucheka, aliangalia. Kwa nini watu wenye njaa wanakataa chakula? Ni kama swali hilo lilimfuata maisha yake yote.

Hakuanza na cheo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mombasa. Alikuwa anaandika barua kwa gazeti la Daily Nation la Nairobi, barua za msomaji tu, kama hizi mnazotuletea ninyi. Barua zile ziliwapendeza wakubwa wa gazeti, na mwaka 1978 wakampa kazi, aandike juu ya sayansi na mazingira. Kutoka pale alikwenda Uingereza, chuo kikuu cha Sussex, akasoma namna sayansi inavyogeuka kuwa kazi na mali, hata akapata udaktari. Mwaka 1988 alirudi na kuanzisha Nairobi kituo cha Afrika cha kuchunguza mambo ya teknolojia, kinachojulikana kwa herufi ACTS. Mwaka 1995 hata 1998 aliongoza ofisi ya Umoja wa Mataifa ya mapatano juu ya viumbe hai, huko Montreal, Kanada. Kisha akawa profesa Harvard, Marekani, mpaka alipofariki tarehe 15 mwezi wa 12, 2017, akiwa na miaka 64.

Mwaka mmoja mbele ya kufa kwake, yaani 2016, lilitoka buku lake kubwa juu ya uvumbuzi na maadui zake. Ndani yake anapita katika miaka mia tano na zaidi. Anaeleza habari ya kahawa, ile tunayolima Mahagi: mwaka 1511 mkubwa wa mji wa Maka alifunga nyumba za kahawa, akisema watu wanakusanyika na kusema mambo mabaya. Anaeleza habari ya siagi ya viwanda, iliyopigwa vita na wenye ng'ombe huko Marekani, mpaka majimbo mengine yakaamuru ipakwe rangi ya waridi ili mtu aione na kuichukia. Anaeleza wapiga muziki wa Marekani waliogoma mwaka 1942, wakakataa kupiga muziki kwa ajili ya sahani, kwa sababu waliona sahani itawanyang'anya kazi. Wale wa orkestra za zamani hapa Bunia, ambao leo arusi inachezwa kwa kijana mmoja na flashi yake, hawahitaji profesa awaelezee jambo hili.

Juma alitoa neno moja kutoka hadithi zote hizo. Mtu hakatai kitu kipya kwa sababu ni kipya. Anakikataa kwa sababu anaona yeye ndiye atakayepoteza, na faida itakwenda kwa mwingine. Na mara nyingi anayeogopa kupoteza ndiye mwenye nguvu tayari.

Hapo tunafika kwenye feza. Fikiri kampuni kubwa, sosiete kama tunavyosema hapa. Inaona kijana mmoja pembeni ameanzisha kazi ndogo, yenye akili mpya. Inaweza kumpiga vita. Inaweza kumnunua kabisa. Ama inaweza kumwekea feza katika kazi yake, ipate sehemu ya umiliki, ikae karibu, iangalie. Njia hii ya mwisho wataalamu wameichunguza sana, na iko maprofesa ambao kazi yao yote ni hiyo: kampuni kubwa inapotia mtaji katika kampuni changa, nini kinafuata? Si sawa na mkopo wa benki. Benki inataka feza yake na riba, basi. Mkubwa wa namna hii anataka faida, lakini anataka pia kujua.

Mfano wa zamani unaotajwa sana ni wa kampuni ya baruti. Ndiyo, baruti. DuPont ya Marekani ilipata mali nyingi wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Mwisho wa mwaka 1917 wakubwa wake waliamua kuweka dolari milioni 25 katika General Motors, kampuni ya magari iliyoanzishwa mwaka 1908. Kwa nini watu wa baruti wapende magari? Kwa sababu vita inakwisha, na DuPont ilikuwa inatengeneza pia rangi na ngozi ya bandia. Magari yanahitaji rangi, na viti vinahitaji ngozi. Mwenye sehemu katika nyumba hakosi kuuza ndani ya nyumba. Mambo yalikwenda hivyo miaka mingi, hata mwaka 1957 mahakama kuu ya Marekani ikasema sehemu ile inaziba njia ya wauzaji wengine, ni kinyume cha sheria. DuPont ikalazimishwa kuachana nayo. Miaka 40 karibu!

Profesa Paul Gompers na Josh Lerner wa Harvard walipima jambo hili kwa hesabu karibu na mwaka 1998. Walikusanya habari za mitaji zaidi ya 30,000 iliyowekwa katika kampuni changa, mingine na kampuni kubwa, mingine na watu ambao kazi yao ni kuweka mitaji tu. Walikuta kwamba pale ambapo kazi ya mkubwa na kazi ya mdogo zinafanana au zinasaidiana, matokeo ni mazuri sawa na ya wengine. Lakini pale mkubwa alipoingia bila kuwa na shughuli inayofaa, kwa kufuata wengine tu, mara nyingi mpango wake haukudumu. Huyo ni mtu wa kuogopa. Leo yuko, kesho amechoka, na wewe umekwisha kununua mashini.

Sasa turudi upande wetu wa Afrika, kwa kitu mlicho nacho mfukoni. M-Pesa, iliyoingia hapa Kongo mwaka 2012, ilianza Kenya. Wengi wanafikiri kampuni ilitoa feza, kazi ikaanza, rahisi. Haikuwa hivyo. Nick Hughes, aliyekuwa mtumishi wa Vodafone huko Uingereza, alikuwa na wazo, lakini ndani ya kampuni kubwa kila mradi unapiganania feza na miradi mingine yenye faida ya haraka zaidi. Wazo la kutumia simu kwa watu maskini wa Afrika lingeshindwa mlangoni. Basi alitafuta msaada nje: serikali ya Uingereza ilikuwa na mfuko wa kusaidia majaribio ya namna hiyo, ukatoa karibu pauni milioni 1, na Vodafone ikaongeza ya kwake. Jaribio lilianza mwezi wa 10, 2005, na wateja karibu 500, Nairobi na Thika. Lilikuwa jaribio la kulipa mikopo midogo. Watu wakalitumia kwa mambo yao: mmoja anatumia mke wake feza, mwingine anaweka feza kwa simu asiibiwe njiani. Waliokuwa wanaangalia wakaona, wakabadilisha mpango, na mwezi wa 3, 2007 Safaricom ikaufungulia watu wote.

Je, neno la Juma lilitimia? Lilitimia kabisa. Mwisho wa 2008 mabenki ya Kenya yalilalamika kwa serikali, na waziri wa feza wa wakati ule, John Michuki, akaamuru mambo ya M-Pesa yachunguzwe. Uchunguzi ulikuta iko salama. Kisha mabenki yakabadili mwendo. Equity, ambayo hapa Bunia tunaijua kwa jina la EquityBCDC, iliungana na Safaricom mwaka 2010 kwa akaunti iliyoitwa M-Kesho, na baadaye ikaanzisha simu yake yenyewe. Aliyeshindwa kuzuia mlango anaomba kuingia.

Na maprofesa walikuwa pale na madaftari yao. Tavneet Suri, mama aliyekulia Kenya na anayefundisha MIT huko Marekani, pamoja na William Jack wa Georgetown, walirudi katika nyumba zilezile za Kenya mara nyingi tangu mwaka 2008, wakiuliza: mnakula nini, mnafanya kazi gani, mnapata feza kutoka wapi. Mwaka 2016 waliandika kwamba M-Pesa ilitoa nyumba karibu 194,000 katika umaskini mkubwa, yaani 2 kwa mia ya nyumba zote za Kenya, na waliofaidika zaidi ni nyumba zinazoongozwa na wanawake. Miaka karibu sita ya kupiga hodi ili kupata hesabu hiyo! Kazi ya profesa ni namna hiyo, wapendwa vijana. Kofia na joho ni siku moja tu.

Lakini swali linalotuuma sisi wa machimbo ni lingine. Mdogo anajilinda namna gani?

Riitta Katila, profesa kutoka Finland anayefundisha Stanford, pamoja na wenzake wawili, walichunguza kampuni changa 701 kwa muda wa miaka 25, na mwaka 2008 wakatoa maandishi yao. Waliyaita kuogelea pamoja na papa, yule samaki wa bahari mwenye meno. Sisi tungesema kuoga na mamba wa ziwa Albert. Walitaka kujua kwa nini kampuni ndogo, ikijua kwamba mkubwa anaweza kuiba akili yake, inakubali feza yake hata hivyo. Jibu lao: inakubali pale inapohitaji kitu ambacho mkubwa peke yake anacho, kwa mfano feza nyingi sana au kiwanda, na pale inapokuwa na njia ya kujilinda. Njia hizo ni nini? Mojawapo ni siri: kutoonyesha yote. Nyingine ni wakati: kukawia kidogo kumkaribia mkubwa mpaka kitu chako kimekomaa, kisiweze tena kuchukuliwa kama yai.

Soma tena maneno hayo ukiwa umeketi kando ya shimo. PDG anatoa chakula, vifaa, pampu, wakati mwingine dawa. Wachimbaji wanatoa nguvu, na mmoja kati yao anatoa akili, anajua mshipa wa zahabu unapinda wapi. Nyuma ya PDG yuko mara nyingi mnunuzi wa mjini, negosian, aliyemkopesha feza, na kwa sababu hiyo zahabu itauzwa kwake yeye, kwa bei yake. Ni mnyororo uleule wa DuPont: anayeweka feza anaweka pia mlango wa kuuzia. Sisemi kwamba ni wabaya. Bila wao mashimo mengi yangejaa maji. Nasema tu kwamba mchimbaji anahesabu mchele aliokula, lakini bei iliyokatwa kwa kila gramu haihesabu, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya deni.

Tena yako mambo ya akili bila zahabu. Mwaka 2000, kijana mmoja wa Afrika ya Kusini, Nkosana Makate, alikuwa anajifunza kazi ya uhasibu katika kampuni ya Vodacom. Mchumba wake alikuwa mbali, mwanafunzi, hana yuniti. Kijana akafikiria: kwa nini mtu asiye na yuniti asitume ujumbe wa bure, "nipigie"? Aliandika wazo lake, akalipeleka kwa mkubwa, na mkubwa akamwahidi kwamba likifaulu atapata sehemu. Mwaka 2001 Vodacom ikaanzisha huduma ile, na watu mamilioni wakaitumia. Sehemu ya Makate? Hakuna. Ahadi ilikuwa ya mdomo. Alienda mahakamani. Mwaka 2016 mahakama ya katiba ya inchi yao ikasema ahadi ile inaifunga kampuni, waketi wapatane. Kampuni ikatoa bei, akaikataa, kesi ikaendelea, na mwezi wa 11, 2025 ndipo wakapatana nje ya mahakama. Miaka 25! Kijana alikwisha kuwa mzee wa familia. Kila mara unapomwomba mtu akupigie bila yuniti, kumbuka kwamba kuna watu walipigana kortini kwa neno hilo dogo.

Ninyi mnaotumia simu kuuza, kutafuta wateja wa pikipiki, kutengeneza mashini ya kusaga mawe ili mama zetu wanaotwanga wasivute vumbi, jambo hili ni lenu. Inchi yetu ina sheria ya tarehe 7 mwezi wa 1, 1982 juu ya haki ya mvumbuzi katika mambo ya viwanda. Ina pia amri yenye nguvu ya sheria, namba 22/030, ya tarehe 8 mwezi wa 9, 2022, juu ya kuwasaidia wanaoanzisha kazi na kampuni changa. Najua mtaniambia, "Baba, sheria iko Kinshasa, sisi tuko Ituri." Ni kweli Kinshasa ni mbali. Lakini karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi wawili haihitaji ndege: nani ametoa nini, nani ana sehemu gani, na kitu kikiharibika nani analipa. Iandikwe siku ya pampu kufika. Siku ya zahabu kutoka, masikio ya watu yanaziba.

Wala msifikiri feza nyingi inaponya yote. Mwaka 2014 Safaricom ilifungua mfuko wa dolari milioni 1 kwa ajili ya kampuni changa za Kenya. Moja iliyopata ni Sendy, iliyokuwa inapeleka mizigo ya watu mjini Nairobi kwa pikipiki na malori. Mwaka 2020 ikapata tena dolari milioni 20 kwa watu mbalimbali, na kati yao ilikuwa nyumba ya biashara ya Toyota, ambayo kwa sababu zinazoeleweka inapenda kujua mizigo ya Afrika inakwenda namna gani. Mwaka 2023 Sendy ikafunga. Maprofesa watachunguza kifo hicho pia; ndiyo sehemu ya kazi yao, kuhesabu makaburi ambayo wenye makaburi hawapendi kuyaonyesha.

Hapo nafikiria wanafunzi wetu wa Chuo Kikuu cha Bunia na wa Shalom. Kila mwaka wanaandika TFC zao, na nyingi zinarudia habari za mabenki ya mbali, zimenakiliwa katika mabuku ya wengine, kisha zinalala katika maktaba zikiliwa na mende. Wakati huohuo, kilometa karibu 80 kutoka hapa, kila asubuhi watu wanafanya mapatano ya mtaji ambayo yangemfurahisha Gompers. Mchimbaji anapewa nini kabla ya zahabu kutoka? Sehemu inagawanywa namna gani kati ya PDG, wachimbaji, mwenye udongo na mkubwa wa kijiji? Bei ya negosian aliyekopesha inapungua kiasi gani kuliko bei ya yule asiyekopesha? Baada ya mwaka mmoja, ni wangapi wametoka katika deni, na wangapi wamehamia shimo lingine wakikimbia deni lile? Huhitaji mashini. Unahitaji daftari, uvumilivu, na watu wakuamini. Juma alianza na barua kwa gazeti.

Basi tuandikieni. Ninyi mlio katika mashimo, ninyi mama mnaotwanga, ninyi PDG vilevile, kwa sababu nanyi mna hesabu zenu ambazo watu hawazijui. Elezeni namna mlivyopatana mara ya mwisho, bila kutaja majina ya watu wala ya kijiji. Andikeni kwa herufi zinazosomeka, upande mmoja wa karatasi, na msisahau kusema kama mapatano yalikuwa ya mdomo au ya maandishi.